Mazabodi, kanda za mzee na injini ya Liemba

Kimya kingi kina mshindo, ila safari hii mshindo wenyewe ulikuwa mitihani tu. Nimeshamaliza, nimeshapanda treni, na sasa nawaandikia nikiwa nyumbani Kasingirima, nimekaa chini ya mwembe, dagaa wanakaangwa huko uani.

Basi bwana, nimefika tu, hata begi sijashusha, bi mkubwa ananiuliza: "Mwanangu, ile kompyuta yako ya kanda imezima tangu mwezi wa Ramadhani. Kanda za baba yako zipo au zimekwenda?"

Wageni hawajui habari hii, ngoja nieleze. Marehemu mzee alikuwa akipiga video za harusi hapa Ujiji. Kamera aliletewa na baba mdogo mwaka 1996. Akafariki, akatuachia kanda 43 za VHS. Nikiwa kidato cha sita niliziingiza zote kwenye kompyuta, zikala kama GB 250. Kanda zenyewe unyevu wa ziwa ukazimaliza, zikaota ukungu, tukazitupa. Kwa hiyo kilichobaki ni kile tu kilichomo kwenye diski moja, ndani ya kompyuta moja, ambayo kwa miaka yote hii ndiyo imekuwa seva ya nyumbani: muvi, kaswida, taarabu na harusi za mzee, vyote vinatazamwa kwenye TV ya sebuleni.

Nikafungua kasha. Kapasita nne karibu na prosesa zimevimba vichwa kama maandazi. Mazabodi kwisha habari. Diski nikaichomeka kwenye laptop, mikono inatetemeka... ikasoma. Alhamdulillah.

Kazi ikawa kuchagua mazabodi na prosesa mpya kwa akiba ya bumu. Na mimi kama mnavyonijua, mwanafunzi wa historia, siwezi kununua hata sufuria bila kuuliza imetoka wapi. Haya, twende taratibu.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500, Wizara ya Fedha. Dude la kujaza chumba. Miaka 9 baadaye, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalumu. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali ulikuwa umeleta hasara badala ya faida. Sasa angalieni bahati yetu: mwaka huohuo 1974 Intel walitoa prosesa ya 8080, ambayo mwanzoni mwa 1975 iliwekwa kwenye Altair 8800, kompyuta ya mtu binafsi kununua na kujiungia mwenyewe nyumbani. Yaani wakati kompyuta inatoka kwenye chumba cha serikali kwenda mezani kwa mtu wa kawaida, sisi mlango tumeufunga.

Mlango ulikuja kufunguka kabisa miaka ya 1990. ITV ilianza kurusha matangazo 1994, Zanzibar wakiwa wameshaona televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Kamera ya mzee ya 1996 ilipita kwenye mlango huohuo. Ndiyo maana mzee alipiga harusi za watu wengi Ujiji, lakini harusi yake na bi mkubwa, ya 1989, haina video. Kuna picha mbili tu, na moja imeliwa na mende.

Turudi kwenye vyuma. Kuna mambo mawili yanawachanganya watu wakitaka kubadilisha prosesa.

La kwanza ni soketi. Prosesa haikai kwenye mazabodi yoyote, ina kiti chake. Intel walileta LGA775 mwaka 2004, ikadumu kiasi. Halafu LGA1156 mwaka 2009, LGA1155 mwaka 2011, LGA1150 mwaka 2013, LGA1151 mwaka 2015, LGA1200 mwaka 2020, LGA1700 mwaka 2021. Kila kiti kikibadilika, mazabodi ya zamani inabaki na prosesa zake za zamani. AMD walikuwa wastahimilivu zaidi, soketi yao ya AM4 ya 2016 ilipokea vizazi kadhaa vya prosesa. Kompyuta yetu ilikuwa na Core 2 Duo ya 2008, LGA775. Kununua mazabodi nyingine ya soketi hiyo maana yake ni kununua kuukuu ya umri uleule, na kapasita za umri uleule. Miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa dunia nzima, mazabodi za viwanda vingi zikafa kwa ugonjwa huohuo. Hapana, asante.

La pili ni video yenyewe. Muvi za zamani ni nyepesi. H.264 ilikuja 2003 ikawa nzito kidogo, H.265 ya 2013 nzito zaidi. Prosesa isiyo na sehemu maalumu ya kuifungua H.265 inatoa jasho, feni inalia, picha inakatika. Intel waliingiza fundi wa video ndani ya prosesa mwaka 2011, lakini wa kuimudu H.265 vizuri, hata ile ya biti 10, anapatikana kuanzia Core za kizazi cha 7, za mwaka 2017.

Nikabaki na njia mbili. Ya kwanza, kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye i3 ya kizazi cha 7, zimejaa Kariakoo. Ya pili, mazabodi ndogo ya mini-ITX yenye Intel N100 ya 2023, prosesa imeshachomelewa humohumo, TDP yake wati 6.

Bro wangu akaja juu: "Chukua i3, dogo! Hiyo N100 ikiungua prosesa, umetupa na mazabodi." Ana hoja, sikatai. Ila kompyuta nyingi za ofisi zina pawasaplai na mazabodi za umbo la kampuni yenyewe, ingawa kipimo cha ATX kipo tangu 1995. Ikifa pawasaplai yake hapa Ujiji, unasubiri mzigo kutoka Dar, reli ya zaidi ya kilomita 1,200.

Na hapo ndipo nikafika kwenye umeme. Mkoa wetu uliishi kwa jenereta za dizeli miaka na miaka, Gridi ya Taifa ilianza kuingia Kigoma mwaka 2022. Seva inashinda na kulala inawaka. Ile ya zamani nilikadiria wati 80 hata ikikaa tu: kwa saa 24 na siku 30, karibu uniti 58 za LUKU. N100 na diski zake tuseme wati 15: uniti 11. Kusema kweli i3 ikiwa imetulia nayo hali sana, tofauti si ya kutisha. Kilichoniamulia ni kwamba kuna mazabodi za N100 zinazokula chaja ya volti 19, kama ya laptop. Chaja hiyo naipata hapa mjini siku yoyote.

Bado nilikuwa nasitasita. Bro anataka muvi za 4K, mimi nataka kisichosumbua. Nikamuuliza bi mkubwa, yeye anataka nini? Akasema, "Mimi nataka kisipotee."

Nikajiona mjinga, wadau. Kanda za VHS zina mistari 576 tu, hata prosesa ya 2008 ilikuwa inazionyesha bila wasiwasi. Nimekesha siku tatu napima prosesa, na kitu chenye thamani kimekaa kwenye diski moja ya miaka 10, bila nakala!

Nenda bandarini Kigoma uulizie Liemba. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande kwenye makasha, ikashushwa majini hapa 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Ilianza na injini za mvuke, miaka ya 1970 ikafungwa za dizeli. Injini zimebadilishwa, bodi ni lilelile, na watu waliojali walilitoa hata chini ya maji. Prosesa ni injini, itabadilishwa tena. Mzigo ukizama hauibuliwi.

Hesabu ikawa hivi: mazabodi ya N100 yenye nafasi mbili za SATA, 350,000. Ramu ya GB 8, 60,000. Chaja, 25,000. Diski ya pili, 90,000. Jumla 525,000. Kasha ni lilelile la zamani, matundu ya mini-ITX yanakubali kwenye kasha la ATX. Nakala ya tatu nitaibeba mwenyewe kwenda chuo, ikae mbali na radi na mafuriko ya nyumbani.

Jana usiku nimewasha. Kanda ya kwanza, harusi ya 1997 pale Kitongoni. Mzee haonekani, yeye ndiye ameshika kamera. Anasikika tu akisema, "Sogea kidogo, bi harusi, mwanga." Bi mkubwa akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasema tena. Nikarudisha mara nne.

Haya wadau, dagaa wameiva. Kama una kanda au picha za wazee kwenye kifaa kimoja, inuka sasa hivi ukatoe nakala. Alamsiki.