Winchi ya tairi la spea: ishughulikie kabla ya pancha

Pikapu nyingi za hapa Pwani, na matatu nyingi pia, hubeba tairi la spea chini ya bodi, upande wa nyuma. Tairi hilo huning'inizwa na winchi ndogo yenye mnyororo au waya wa chuma, na mwishoni mwake pana bamba linaloshika tundu la katikati ya rimu. Dereva hupitisha chuma kirefu kwenye tundu lililo karibu na bampa, akakizungusha, tairi likashuka.

Adui wa winchi hii ni chumvi. Hewa ya bahari, mchanga wa ufuoni na maji ya barafu yanayochuruzika kutoka kwa shehena ya samaki huishia papo hapo. Kutu ikishika meno ya winchi, tairi halishuki, nawe umekwama usiku kati ya Garsen na Witu huku spea unayo. Kutu ikila mnyororo, hatari ni kubwa zaidi: tairi hudondoka gari likiwa mwendoni, na anayelipata ni bodaboda aliye nyuma.

Kila baada ya miezi mitatu, fanya hivi:

1. Egesha gari pahali tambarare, vuta breki ya mkono. Shusha tairi hadi chini. Usilale chini yake linaposhuka.
2. Osha winchi, mnyororo na bamba kwa maji yasiyo na chumvi. Yakikauka, sugua kutu kwa brashi ya waya.
3. Kagua. Pete ya mnyororo iliyolika, nyuzi za waya zilizokatika au bamba lililopinda ni vitu vya kubadilishwa, si vya kufungwa kwa kamba.
4. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye winchi, ishushe na kuipandisha mara kadhaa, kisha paka mnyororo grisi kidogo.
5. Pima upepo wa spea. Tazama pia umri wake: tarakimu nne ubavuni, mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.
6. Pandisha tairi likiwa limelala sawa hadi likaze kabisa. Litikise kwa mkono, likicheza, halijakaza.

Ikiwa winchi imeganda tayari, usiilazimishe kwa bomba refu wala mashine ya kufungulia nati, kwani meno yatavunjika. Nyunyiza mafuta, subiri, kisha zungusha kidogo mbele na nyuma. Ikikataa, mpelekee fundi. Iwapo mnyororo lazima ukatwe, tairi litegemezwe kwanza kwa jeki.

Mwisho, hakikisha kile chuma cha kuzungushia kimo ndani ya gari. Wengi hukikumbuka pancha ikishaingia.