Kombe la Shirikisho Afrika: Historia yake na safari ya Namungo ya Lindi

Na Mwandishi Wetu, Kilwa Kivinje

KOMBE la Shirikisho Afrika ni mashindano ya pili kwa hadhi kwa klabu za soka barani, baada ya Ligi ya Mabingwa. Kwa mkoa wa Lindi, ndiyo mashindano yaliyoliingiza jina la mkoa katika ramani ya soka ya Afrika, pale Namungo FC ya Ruangwa ilipotinga hatua ya makundi mwaka 2021.

Ruangwa ni wilaya jirani na Kilwa. Hata hivyo, mashabiki wa Kilwa Kivinje, mji wa kale ulio kilomita chache kutoka njia panda ya Nangurukuru, hawakupata kuiona timu hiyo ikicheza mechi za Afrika ndani ya mkoa wao. Mechi zake za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 300 kutoka hapa. Ili kuelewa ni kwa nini safari hiyo ilikuwa kubwa, na kwa nini ilichezwa mbali na nyumbani, ni vema kuanza na historia ya kombe lenyewe.

Makombe mawili yaliyounganishwa

Kombe la Shirikisho lilianza mwaka 2004, baada ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) kuunganisha mashindano mawili. La kwanza lilikuwa Kombe la Washindi, lililoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya klabu zilizotwaa vikombe vya nchi zao. Bingwa wake wa kwanza alikuwa Tonnerre ya Cameroon. La pili lilikuwa Kombe la CAF, lililoanza mwaka 1992.

Makombe hayo mawili yana nafasi ya pekee katika kumbukumbu za ukanda huu. Mwaka 1987 Gor Mahia ya Kenya ilitwaa Kombe la Washindi kwa kuitoa Esperance ya Tunisia kwa faida ya mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2-2 mjini Tunis na 1-1 jijini Nairobi. Miaka miwili baadaye El Merreikh ya Sudan nayo ilitwaa kombe hilo. Villa ya Uganda ilicheza fainali ya kwanza ya Kombe la CAF mwaka 1992 na kufungwa na Shooting Stars ya Nigeria.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Simba. Baada ya suluhu mjini Abidjan, Wekundu wa Msimbazi walihitaji ushindi tu mbele ya mashabiki wao jijini Dar es Salaam, lakini Stella ya Ivory Coast ikashinda mabao 2-0 na kuondoka na kombe.

Mabingwa wa kombe jipya

Fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, mwaka 2004, ilikutanisha timu mbili za Ghana. Hearts of Oak iliishinda Asante Kotoko kwa mikwaju ya penalti, baada ya mechi zote mbili kumalizika kwa sare ya 1-1.

Tangu hapo klabu za kaskazini mwa Afrika ndizo zilizotamba zaidi. CS Sfaxien ya Tunisia ilitwaa ubingwa mwaka 2007, 2008 na 2013. RS Berkane ya Morocco nayo ilifikisha mataji matatu, ya mwaka 2020, 2022 na 2025.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2017, pale hatua ya makundi ilipopanuliwa kutoka timu nane hadi 16. Upanuzi huo uliongeza nafasi kwa klabu ambazo awali zilikuwa zikiishia katika raundi za mtoano.

Namungo yavuka vikwazo

Namungo ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza msimu wa 2019/20. Msimu huo huo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, iliyochezwa Sumbawanga Agosti 2, 2020, na kufungwa na Simba mabao 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi na hivyo kwenda Ligi ya Mabingwa, tiketi ya Kombe la Shirikisho ikaangukia kwa Namungo.

Timu hiyo iliitoa Al Rabita ya Sudan Kusini, kisha Al Hilal Obeid ya Sudan kwa jumla ya mabao 5-3. Kwa utaratibu wa wakati huo, washindi wa hatua hiyo walipambanishwa na timu zilizotolewa katika Ligi ya Mabingwa. Namungo ikapangiwa Primeiro de Agosto ya Angola.

Februari 2021 msafara wa timu uliwasili Luanda, na baadhi ya watu wake wakaelezwa kuwa na maambukizi ya virusi vya corona. Mechi haikuchezwa. CAF ikaamua michezo yote miwili ipigwe Tanzania. Namungo, chini ya kocha Hemed Suleiman 'Morocco', ilishinda wa kwanza kwa mabao 6-2. Katika marudiano ilifungwa 3-1, lakini ikasonga mbele kwa jumla ya 7-5.

Kwa matokeo hayo Namungo ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania, mbali na Simba na Yanga, kufika hatua ya makundi ya mashindano ya Afrika. Huko ilipangwa Kundi D pamoja na Nkana ya Zambia, Pyramids ya Misri iliyokuwa imecheza fainali ya mwaka 2020, na Raja Casablanca ya Morocco ambayo ndiyo iliyotwaa kombe Julai 2021. Namungo ilipoteza michezo yote sita.

Fainali mbili, hakuna kombe

Mwaka 2023 Yanga, iliyoingia katika mashindano hayo baada ya kutolewa Ligi ya Mabingwa, ilifika fainali dhidi ya USM Alger. Ilifungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 mjini Algiers, lakini kombe likaenda Algeria kwa sheria ya bao la ugenini. Bingwa wa mwaka huo alizawadiwa Dola za Marekani milioni 2.

Mwaka 2025 Simba nayo ilifika fainali na kufungwa na RS Berkane kwa jumla ya mabao 3-1. Mchezo wa marudiano ulihamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kutokana na hali ya eneo la kuchezea la Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Msimu wa 2025/26 Azam na Singida Black Stars zilifuata nyayo za Namungo kwa kuingia hatua ya makundi.

Suala la uwanja

Kanuni za CAF zinataka uwanja ukaguliwe na kuidhinishwa kabla ya kupokea mechi za kimataifa. Hukaguliwa eneo la kuchezea, taa, vyumba vya kubadilishia nguo na huduma za dharura. Ikiwa Simba ililazimika kuvuka bahari kucheza fainali yake, ni wazi kuwa klabu ya mkoani ina mzigo mzito zaidi.

Namungo ilithibitisha kuwa timu ya Lindi inaweza kupata tiketi ya Afrika katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Lakini tiketi huipeleka timu Afrika tu. Ili Afrika nayo ije Lindi, mkoa unahitaji uwanja ulioidhinishwa. Bila huo, klabu ya kusini itakayofuzu tena italazimika kukodi uwanja mbali na kwao, na mapato ya mlangoni pamoja na kelele za mashabiki vitabaki Dar es Salaam.