Kulinda Kazi ya Mikono na Sauti Mtandaoni

Ndugu zetu wa visiwani wanaoandika khati, wanaosoma kasida na wanaochora hina huuliza: kazi ikishapandishwa mtandaoni, bado ni mali ya mwenyewe?

Ndiyo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 huko Kuwait, Desemba 1988, ilipitisha kuwa haki za utungaji na ubunifu zinalindwa kisharia na haijuzu kuzivamia. Anayefuta jina la mchoraji akaweka lake amekula mali ya mtu. Wallaahu a'lam.

Tazama vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, katika kiwanda cha wamisionari cha TMP. Dini yao ni yao. Sisi tunatazama kazi. Kama ilivyo desturi ya vitabu, kurasa za mwanzo humtaja mwandishi na mchapishaji. Picha ya simu haina ukurasa huo, ni juu yako kuuweka. Andika jina lako ndani ya nakshi yenyewe, si pembeni, kwani pembe hukatwa kwa sekunde moja. Pandisha nakala ndogo, ile kubwa ibaki kwako mahali pawili. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, basi ukihifadhi kwa njia hiyo itume kama faili. Usitupe rasimu za penseli wala sauti za mazoezi: mwizi hana hizo.

Wachoraji wa hina wana jambo lao. Nakshi ni yako, lakini mkono ni wa bibi harusi. Muombe ruhusa kabla ya kupiga picha, si baada ya kuipandisha.

Na wasomaji wa kasida wajue kuwa shairi la kale lililotungwa na masheikh waliokwishatangulia huenda halina mwenyewe wa kulidai, ila sauti iliyorekodiwa ina wenyewe. Usichukue ya madrasa nyingine ukaweka picha yako juu yake. Kazi ya kulipwa iandikwe, kama deni lilivyoamrishwa kuandikwa katika Al-Baqara, aya ya 282: bei, idadi ya nakala, na nani atairusha mtandaoni.

Ukiibiwa, kwanza piga picha ya skrini yenye jina la akaunti, kiungo na tarehe. Ukianza na ugomvi atafuta kila kitu. Kisha mwandikie faragha, wengine hawakujua. Akikataa, jaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya YouTube au Facebook. Ile ni kama ushahidi, na jina lako linaweza kumfikia mshitakiwa, basi usiijaze kwa kazi isiyo yako.

Unguja na Pemba mnakwenda COSOZA, kwa Sheria ya Hakimiliki Nam. 14 ya 2003. Ndugu wa Mafia, ingawa ni kisiwa, wako chini ya sheria ya Bara ya 1999, na ofisi yao ni COSOTA, sawa na mtu wa Tabora.