Gari likilia mbele: historia fupi ya mlio na mafuta ya vidanje



Kwenye ukurasa huu tumezoea historia ya wafalme, ya uhuru na ya vita. Leo naomba tusome historia ya kelele moja: ile "kwiii, kwiii" inayotoka mbele ya gari ukipita kwenye tuta ama ukikata kona polepole. Msicheke. Wengi wetu tukimaliza chuo tunaunganisha makuta, tunanunua Toyota ya okazyo iliyotoka Japani kupitia Mombasa ama Dar es Salaam, na tunaifanya teksi. Kwa barabara zetu za Bukavu, haipiti miezi mingi mbele kunaanza kulia. Hapo njo pesa zinaanza kutoka: leo amortisa, kesho rotili, kesho kutwa kitu kingine, na kelele iko palepale.

Mimi nilisomea historia, siyo mekanike. Lakini naona swali la mwanahistoria linasaidia hapa: kitu hiki kilianza lini, na kabla yake kulikuwa nini?

Magari ya kwanza yalirithi malame ya mikokoteni ya farasi, yaani vipande virefu vya chuma vilivyolaliana. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kupita milioni 15, ilikuwa na malame yaliyolala kwa upana wa gari, mbele na nyuma. Lame likipinda, chuma kinasugua chuma. Kikikauka kinalia, mvua ikiingia kinashika kutu. Dawa ilikuwa moja: mafuta. Viungo vya mbele pia vilitaka grisi kila mara, na shofere mwenye kujua kazi alivizungukia kimoja kimoja. Katika ukoo wetu, baba mkubwa aliendesha lori, na malori mengi hadi leo yako na malame. Alikuwa akiyamwagia mafuta ya vidanje, yale mafuta machafu yaliyotoka kwenye motere, na kelele inanyamaza. Kwa chuma juu ya chuma, alikuwa sahihi.

Miaka ya 1930 mambo yakageuka. Mwingereza mmoja, mhandisi Maurice Olley, alitoka Rolls-Royce akaenda Cadillac, Marekani, na kuchunguza kwa nini magari yenye ekseli moja ya mbele yanatikisika vibaya. Mwaka 1934 General Motors ilitoa magari ambayo kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake. Mwaka uleule, Ufaransa, Citroën ilitoa Traction Avant kwa wazo hilohilo. Sasa gurudumu lilishikwa na mikono, na mkono unahitaji kiungo cha kuchezea. Kidogo kidogo mpira ukachukua kazi hiyo: bomba la chuma ndani, bomba la chuma nje, mpira katikati. Mafundi wetu wanakiita silambloki, na jina lenyewe linasema: kipande kilicho kimya. Mpira unajinyonga na kurudi. Chuma hakigusi chuma, na grisi haihitajiki.

Akaja Mmarekani Earle MacPherson. Mpango wake wa kuunganisha amortisa na resori katika nguzo moja ulionekana kwenye Ford Consul na Zephyr, zilizoonyeshwa London mwaka 1950. Corolla ya kwanza, ya 1966, nayo ilisimama mbele kwa mpango huo, na magari mengi madogo tunayonunua leo ni wajukuu wake. Chini ya nguzo kuna rotili, kiungo cha duara kinachozunguka kama nyonga ndani ya kiuno. Juu, chini ya kapo, kuna kofia ya mpira yenye rulma. Na rotili zenyewe, ambazo zamani zilikuwa na tundu la kutilia grisi, kwenye magari mengi zikafungwa kabisa: grisi imo ndani, na mfuko wa mpira unailinda.

Angalieni kilichotokea. Kazi ya kunyamazisha gari ilitoka mkononi mwa shofere ikaenda kwa mpira. Lakini desturi haikuhama. Leo bado mtu anasikia kelele, anachukua mafuta ya vidanje na kumwagia silambloki kama vile lame la lori. Kelele inanyamaza siku mbili tatu. Wakati huo mafuta yanaingia ndani ya mpira, mpira unavimba, unakuwa laini, unapasuka. Dawa ya babu njo sumu ya mjukuu.

Basi, kelele ikianza, tufanye namna gani? Tutafute kwanza, tununue baadaye. Gari lisimame mahali sawa, motere imezimwa. Mmoja abonyeze mbele kwa uzito wake, juu chini, mwingine asikilize na kuweka kiganja kwenye sehemu moja moja, mbali na katikati ya resori ili asibanwe vidole. Sehemu inayolia utaisikia ikitetemeka mkononi. Kama ni mpira wa mkono wa chini, ama ule wa baa stabilizateri, mwagia maji kidogo hapo tu. Kelele ikibadilika, umeipata. Maji siyo dawa, ni shahidi.

Kisha washa motere, mwenzako azungushe volani gari likiwa limesimama, na wewe uguse resori kwa vidole kutoka nje. Kama inajikaza halafu inaruka ghafla, angalia rulma ya kofia ya juu. Wengi hapa wanauziwa amortisa mbili mpya, kumbe ile rulma ndogo njo ilikuwa inalia.

Ya mwisho ni rotili, na hii siyo ya kuchelewesha. Mfuko wake ukipasuka, grisi inatoka, maji na vumbi vinaingia, na chuma kinarudi kusugua chuma kama kwenye Model T. Tofauti ni kwamba Model T ililia miaka na kuendelea. Rotili iliyokwisha inaweza kuchomoka, na gurudumu linalala. Fikirieni hilo kwenye makona ya Ngomo, mukishuka kwenda Uvira na abiria watano. Inua gari, lisimamishe juu ya vigingi imara, siyo kriki peke yake, halafu tingisha gurudumu ukishika juu na chini, na fundi ainyanyue kwa chuma kirefu. Ikicheza, gari halitoki garajeni.

Kwa hiyo, wandugu, siku fundi akiwaambia "tujaribu hii, ikikataa tujaribu ile," mumuulize kwa heshima: fundi, umesikia inalia kwenye chuma ama kwenye mpira? Fundi mzuri atafurahi. Na yule mwenye kopo la vidanje mkononi, mumuombe alipeleke kwenye malame ya lori. Kule bado lina kazi.