Mbwa Katika Msafara wa Tabora

Mwalimu wako akishagawa karatasi, yafuate maneno haya kwa macho wakati ninaposoma. Leo hatutasema habari za watawala wala za vita. Tutasema habari za kufunga mizigo katika njia ya zamani ya Bagamoyo hadi Tabora, na habari za mbwa waliopita njia hiyo.

Pengine unacheka na kuuliza, "Mbwa ana historia gani?" Subiri kidogo.

Tuanze na mizigo. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo kila kitu kilikwenda kwa miguu ya watu, na wapagazi waliosifiwa kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani ratili 70, au karibu kilo 32. Nguo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani: merikani, kaniki na nguo za rangi. Zilikunjwa na kukazwa mpaka zikawa ngumu kama gogo, zikafungwa kwa mkeka na kamba, kisha zikafungiwa fito pembeni. Unajua kazi ya fito hizo? Mpagazi akichoka hakuutupa mzigo chini, maana kuuinua tena ni taabu. Aliusimamisha penye mti, akapumzika, kisha akauingiza begani bila kuinama. Huyo ni mtu anayeijua kazi yake! Waya wa shaba ulichukuliwa kwa mzega, huku na huku. Na juu ya mzigo wa tajiri, mpagazi alikuwa na vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu cha kupikia, kibuyu cha maji.

Basi, mwezi wa Machi 1871 Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alitoka Bagamoyo kumtafuta Dr Livingstone. Alikuwa amepiga hesabu ya kila kitu: doti ngapi za nguo kwa siku, shanga za rangi gani zinapendwa katika nchi gani. Alikuwa na punda wengi, farasi wawili, na mbwa mlinzi aliyetoka Bara Hindi, jina lake Omar. (Kumpa mbwa jina hilo mbele ya watu wa pwani! Mimi nisingefanya hivyo.)

Farasi walikufa mapema. Masika yalikuwa makubwa, na bonde la Makata lilijaa maji na matope. Omar alilivuka pamoja na wenzake, lakini akashikwa na ugonjwa wa tumbo, akafa walipokaribia Rehenneko, kabla ya kufika Mpwapwa. Stanley alifika Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 23 Juni, bila mbwa wake.

Mwaka 1874 alirudi na mbwa watano kutoka Uingereza: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Bull alijitahidi sana, akalizunguka Ziwa Nyanza, akafa mwaka 1876. Safari ilipofika Boma, karibu na mdomo wa Mto Kongo, mwaka 1877, hapakuwa na mbwa hata mmoja kati ya hao. Majina yao tunayajua. Lakini wapagazi wengi waliokufa katika njia hiyo hiyo ya Tabora hawakuandikwa jina popote.

Mbwa mgeni alikutana na jua kali, maji machafu, na porini mbung'o. Mwaka 1895 Dr David Bruce, akiwa Zululand huko Afrika Kusini, alionyesha kwamba mbung'o huingiza katika damu ya mnyama vijidudu vya ugonjwa wa nagana. Ugonjwa huo huua farasi na ng'ombe, na mbwa pia. Basi hata mtu ambaye angefunga mizigo yake vizuri namna gani, asingeweza kuufungia mzigoni dawa ambayo haijajulikana.

Lakini kuna mbwa mwingine, na huyu hakuuawa na nzi wala homa. Miaka michache kabla Stanley hajamkuta Ujiji, Dr Livingstone alikuwa akisafiri mbali kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya mengi, jina lake Chitane. Mbwa huyu alijifanya msimamizi wa msafara: alikimbia mbele kuwaona wa kwanza, akarudi nyuma kuwaona wa mwisho, na usiku alifukuza mbwa wa kijiji wasikaribie kibanda. Tarehe 15 Januari 1867 wakafika kwenye maji mapana ya Chimbwe. Maji yalifika kiunoni, na chini palikuwa na mashimo. Livingstone alitangulia kuvuka. Kila mtu akauangalia mzigo wake na miguu yake mwenyewe. Chitane aliogelea mpaka nguvu zikamwisha, akazama. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba alisahau kutoa amri juu yake.

Fikiri jambo hilo. Kila robota lilikuwa na mtu wake, na kila mtu alijua atadaiwa nini akilipoteza. Chitane alikuwa na miguu minne, basi hakuhesabiwa kuwa mzigo wa mtu yeyote. Siku tano baadaye watoro waliondoka na sanduku la dawa, kwinini ikiwa ndani. Dawa hizo zilikuwa pamoja katika mzigo mmoja, nao ukaenda wote.

Sasa chukua daftari, ujibu maswali haya.

1. Kwa nini mzigo wa nguo ulifungiwa fito?

2. Mpagazi mmoja huchukua ratili 70. Je, wapagazi 20 huchukua ratili ngapi?

3. Unasafiri kwa gari moshi kutoka Tabora na mbwa au paka. Andika majina ya vitu utakavyomchukulia: maji, bakuli, kamba, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na vingine. Mbele ya kila kitu andika jina la mtu atakayekishika. Kisha andika jina la mtu atakayemshika mnyama mwenyewe.