Kuunda Kichwa cha Dizeli

Wapenzi wa treni ndogo za mezani huko Uingereza wana neno lao, scratch-building, wanalolitumia kwa kazi ya mtu aliyejitengenezea kichwa cha treni pasipo kununua boksi la vipande vilivyokatwa tayari kiwandani. Mtu huyo amekipima kichwa halisi au amepata mchoro wake, amegawanya kila kipimo, amekata bati na plastiki, amekunja, amelehemu, amepiga msasa na rangi, hadi kikasimama juu ya reli kitu cha kuingia kiganjani ambacho dereva wa kile kikubwa akikiona atakitambua papo hapo. Anayelifasiri neno hilo harakaharaka ataandika "kutengeneza kuanzia sifuri". Maana itafika, lakini fundi yeyote atahisi kwamba si lugha ya karakana.

Nadhani neno letu tunalo siku nyingi, nalo ni kuunda. Linatosha peke yake.

Nitalieleza kwa reli za Korogwe na Handeni, kwa sababu huko kulikuwa na vichwa vya aina mbili vinavyomfaa mwundaji, na kwa sababu vichwa hivyo havimwachii njia nyingine ila kuunda. Kwa mtu wa Kwaluguru, wilayani Handeni, mji wa stesheni ni Korogwe. Reli inayopita hapo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, zama za Wajerumani; ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka 1963 ikaongezwa njia ya kutoka Mnyuzi hadi Ruvu kwenye Reli ya Kati, na ndipo treni ya Tanga ilipoweza kuteremka Dar es Salaam. Upana wake ni mita moja, kutoka uso wa ndani wa chuma hiki hadi uso wa ndani wa chuma kile. Viwanda vikubwa vya treni za mezani hutengeneza zaidi vichwa vya Ulaya, Marekani na Japani, kwa kuwa huko ndiko waliko wanunuzi. Anayetaka kichwa kilichopita Korogwe mezani kwake hana duka la kukimbilia.

Aina ya kwanza ni vichwa vya njia kuu. Mwaka 1960 shirika la reli la Afrika Mashariki lilianza kupokea vichwa vya dizeli vya njia kuu kutoka English Electric ya Uingereza. Vilikuwa na ekseli nane: sita za kuvuta, na moja zaidi kila upande ambayo haivuti chochote. Ziliwekwa kugawa uzito, maana reli zetu zilikuwa nyepesi na kila ekseli ilikuwa na mzigo wake wa mwisho. Mwundaji anayeangalia picha tu anaweza kudhani ekseli hizo mbili ni pambo. Akiziacha, amepoteza habari nzima ya udongo na chuma ambacho kichwa kile kilikanyaga.

Ile aina ya pili haitajwi sana. Ni vichwa vya mashamba ya mkonge. Sababu ya kuwapo kwake iko ndani ya jani lenyewe: katika uzito wa jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, na zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Kwa hiyo ili shamba lipate tani moja ya nyuzi hizo, yaani singa, sharti lisombe tani 25 za majani kutoka kondeni hadi korona, mtambo wa kuzitoa, na majani hayo hayataki kulala, kwa kuwa yakikauka singa haitoki vizuri. Kabla trekta na trela hazijashika kazi hiyo, wenye mashamba walilaza reli nyepesi za upana wa sentimita 60 hivi, ambazo vipande vyake hubebwa na watu wachache na kuhamishwa kufuata wakataji. Vitoroli vikavutwa juu yake, na baadaye vikapata vichwa vidogo vya dizeli. Orenstein & Koppel wa Ujerumani, Ruston & Hornsby wa Lincoln na Motor Rail wa Bedford ni miongoni mwa waliovitengeneza vichwa vya namna hiyo na kuvisambaza kwenye mashamba na machimbo duniani kote.

Kwa anayeanza, kichwa cha mkonge ndicho mwalimu bora. Kina ekseli mbili, fremu nene ya chuma, boneti yenye pembe nne, rejeta mbele na kibanda cha dereva nyuma, na hakina mikunjo ya mviringo ya kumkatisha mtu tamaa.

Sasa turudi kwenye neno. Kutengeneza ni pana mno: fundi redio naye anatengeneza, na anachokusudia ni kurekebisha kilichoharibika. Kujenga tunakuacha kwa nyumba, daraja na njia ya reli yenyewe. Kuchonga ni kupunguza. Mchongaji wa mwiko au kinyago huanza na gogo kubwa kuliko kazi yake na huondoa kisichotakiwa. Kuunganisha ni kushikamanisha vipande ambavyo mwingine amekwisha kuvikata. Matrekta ya URSUS yalipoletwa kutoka Poland vipande vipande hadi Kibaha, habari zake ziliandikwa kwa kitenzi hicho, kuunganisha matrekta, na waandishi walikuwa sahihi kabisa.

Kuunda ni kazi ya fundi wa vyombo vya baharini. Huanza na miti, si na vipande. Hutoa mkuku, hupanga mataruma, hupigilia mbao na kuzikalafati, na kila kiungo hukikata mwenyewe kwa kipimo kinachotakiwa na kiungo kilichotangulia. Ndiyo maana wahenga wakasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika methali hiyo uzito wote umebebwa na kitenzi: kuelea kunaonekana, na kuundwa ndiko kunakosahaulika.

Tena neno hili si geni kwenye reli. Taruma la jahazi ni ubavu wa ndani unaoshikilia mbao. Taruma la reli ni ule mti, au chuma, au zege, unaolala chini ya vyuma viwili na kuvishikilia visiachane. Yaelekea Waswahili waliona katika reli kazi ileile ya ubavu wa jahazi na wakaipa jina lilelile. Msamiati wa bandarini ulikwisha kupanda treni zamani. Kuunda kichwa, basi, kunafuata njia ambayo taruma limekwisha kupita.

Waingereza wanalazimika kuongeza neno kwa sababu kitenzi chao kimoja humtaja aliyeunganisha boksi na aliyeanza na bati tupu. Sisi tuna vitenzi viwili vinavyotenganisha watu hao wawili. Fulani ameunganisha kichwa. Fulani ameunda kichwa. Tukianza kuandika "kuunda kutoka mwanzo" tutakuwa tunajaza nafasi isiyo wazi. Nimewahi kufikiria "uundaji ghafi" kwa kufuata malighafi, lakini ghafi likikaa karibu na kazi ya mikono humfanya msomaji aone kitu ambacho hakijakamilishwa, na hiyo ni dhuluma kwa fundi. Panapohitajika ufafanuzi, kwa mfano katika masharti ya mashindano, "kuunda kwa malighafi" kunatosha.

Kuna atakayesema kwamba kuunda kumekwisha kwenda mbali: tunaunda tume, serikali, maneno. Ni kweli, na sioni tatizo. Yambwa ndiyo inayotuelekeza. Hakuna atakayesikia "kuunda kichwa cha dizeli" akadhani ni kikao.

Maneno yanayoandamana nalo nayapitia upesi. Modeli naipendelea kuliko sanamu, ambayo inaweza kufanana na kitu bila kujali vipimo, na kuliko kielelezo, ambacho mara nyingi ni mchoro. Skeli ni ileile ya ramani za shuleni: 1:19 maana yake milimita moja ya modeli inasimama badala ya milimita 19 za kichwa halisi. Geji ni upana wa njia. Maneno mawili haya ya mwisho huchanganywa sana, hata na watu waliozoea kazi hii, na mkanganyiko huo ni ghali, kwa kuwa geji inaweza kubaki ileile wakati skeli inabadilika. Reli ya mezani ya milimita 16.5, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi duniani, katika skeli ya 1:87 huwakilisha reli ya kawaida ya Ulaya, ileile milimita 1,435 ya reli yetu ya kisasa. Ukiipandisha juu yake modeli ya skeli ya 1:35, reli hiyohiyo imekuwa ya milimita 577.5, yaani karibu sana na reli ya mkonge. Kwa njia ya mita moja, 1:87 inadai milimita 11.5, na waundaji hutumia reli ya milimita 12. Mimi kichwa cha mkonge ningekiunda kwa 1:19 juu ya reli ya milimita 32. Kichwa cha urefu wa mita 3 kinakuwa sentimita 16 kasoro kidogo, ukubwa ambao tupa na vidole vya kawaida vinaumudu.

Skeli hiyo ina bahati nyingine. Bati la kopo la maziwa lina unene wa kama milimita 0.2, na mara 19 hiyo inakaribia milimita 4, unene unaosadikika wa karatasi ya chuma ya boneti. Bati linakatwa kwa mkasi, linabanwa kati ya vipande viwili vya mbao ngumu na kukunjwa kwa kusukuma mbao ya tatu, si kwa nyundo, maana nyundo huacha mawimbi ambayo rangi haiyafichi. Vichwa vya ribiti hutokezwa kabla ya kukunja: bati linalazwa kifudifudi juu ya kipande cha risasi laini, na msumari uliosagwa ncha unagongwa kidogo kwa nyuma, nukta moja baada ya nyingine kufuata mstari uliochorwa kwa rula. Msumari ukipita upande wa pili, kipande chote kinatupwa. Wavu wa rejeta hupatikana kwenye chujio la chai. Fremu haifai kuwa ya bati hilo. Inataka chuma cha zaidi ya milimita moja, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoshika ekseli zisipinde. Chini kabisa, kati ya magurudumu, ziwekwe chubwi za mvuvi. Kichwa chepesi huzungusha magurudumu pale pale na hakivuti kitoroli hata kimoja.

Mota inapatikana kwa fundi redio, ndani ya deki bovu, na betri ya simu ya zamani ya volti 3.7 inaingia kwenye boneti. Hapa ndipo hesabu inapotenda kazi ya kweli. Tuseme kichwa halisi kinakwenda kilomita 12 kwa saa. Kwa 1:19 modeli inapaswa kusafiri milimita 175 kwa sekunde. Gurudumu la kipenyo cha milimita 24 lina mzingo wa milimita 75, kwa hiyo linahitaji kuzunguka mara 140 kwa dakika. Mota ndogo ikizunguka mara 6,000, mwendo wake sharti upunguzwe karibu mara 43. Gia ya parafujo ikizungusha gia ya meno 40 inakaribia hapo kwa hatua moja tu. Anayeruka hesabu hii ataona modeli yake ikifyatuka mezani kama panya, na uundaji wote wa bati utakuwa umeharibiwa na mwendo.

Je, aliyechukua mota ya deki na gia za plastiki bado ameunda? Nasema ndiyo. Fundi wa jahazi hafui misumari yake yote wala hafumi kitambaa cha tanga, na hakuna aliyewahi kumnyima sifa ya kuunda. Mpaka uko kwenye umbo na kipimo: nani aliyeamua boneti iwe na urefu gani, ribiti ngapi, ekseli zikae wapi? Kama ni boksi lililoamua, huyo ameunganisha. Kama ni yeye na mkanda wake wa kupimia kando ya chuma chenye kutu, ameunda, hata kama kila skrubu imenunuliwa.

Limebaki neno kichwa. Katika mazungumzo injini na kichwa hubadilishana bila shida, na magazeti huandika vichwa vya treni. Kwa modeli napendekeza tushikilie kichwa. Ndani ya ile boneti ya bati hakuna tone la dizeli wala silinda. Kuna betri, mota na waya mbili. Kilichochukuliwa kutoka kwa kile kikubwa ni umbo na vipimo vyake, na neno kichwa linataja hivyo tu. Neno injini tuliachie kile chenye injini.