Unguja hadi Maskati: kilomita ngapi, saa ngapi angani?

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume hadi uwanja wa Maskati ni kiasi cha kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Ndege inayokwenda moja kwa moja hutumia saa tano na dakika kadhaa. Ukigawa umbali huo kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa utapata saa nne na nusu hivi. Zinazobaki ni za kupaa, kushuka na kusubiri zamu ya kutua.

Maskati iko mbele yetu kwa saa moja. Ukiondoka Unguja saa 4:00 asubuhi na safari ikachukua saa tano na robo, saa yako ya mkononi itaonesha 9:15 alasiri, ya ukutani kule 10:15. Wakati wa kurudi, safari hiyohiyo huonekana kwenye tiketi kama ya saa nne na robo. Ndege haijaongeza mwendo.

Penye hatari hasa ni kusoma tiketi. Tiketi huhesabu siku kuanzia saa sita usiku, sisi twahesabu saa kwa jua. Ikiandikwa 16:40, toa sita: ni saa 10:40 jioni. Ikiandikwa 02:15 tarehe 15, ongeza sita: ni saa 8:15 usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake uwe uwanjani tarehe 14 usiku, saa tatu kabla ya kuruka. Anayesubiri usiku wa tarehe 15 ataikuta ndege imeshaondoka jana yake, na nauli hairudi kirahisi. Saa hizo usitegemee daladala ya 505 kutoka mjini. Uwanja hauko mbali, kilomita saba hivi, lakini agiza teksi mapema.

Ukiunganisha Dubai, Nairobi au Addis Ababa, usitazame saa za angani pekee. Kusubiri ndege ya pili kunaweza kuzidi safari yenyewe.

Jambo hili huwagusa zaidi wenye ndugu kule, na Unguja ni wengi. Habari ya msiba ikifika asubuhi na maziko yakiwa alasiri, saa tano za angani hazitoshi, hata tiketi ikipatikana papo hapo. Wengi huwahi kisomo tu. Familia ikitaka kumsubiri mtu, iulize kwanza ratiba ya siku hiyo ndipo ipange saa ya kuzika.

Zamani upepo ndio uliokuwa ratiba. Majahazi yaliteremka na kaskazi, kati ya Disemba na Machi, kwa wiki kadhaa baharini, yakatia nanga hapa na kungoja kusi ianze kuvuma ndipo yarudi Omani. Aliyekosa kusi alikaa Unguja mpaka mwaka wa pili.